Rolakosta Usiku na Mchana: Niliyoyaona Nikiwa Opereta

"Dada, usiku huwa mnaiongezea spidi, sivyo?"

Swali hilo niliulizwa mara nyingi kuliko hata lile la choo kiko wapi. Muulizaji huwa ameshuka sasa hivi, nywele zimesimama, mkono mmoja bado umeng'ang'ania nguzo ya kutokea. Jibu tayari analo, anachosubiri ni mimi nikubali tu. Nikimwambia hakuna kitufe cha namna hiyo, anacheka na kumkonyeza mwenzake.

Na kweli kitufe hakipo. Kwa misimu kadhaa nilifanya kazi ya opereta kwenye rolakosta ya chuma, yaani treni ya mchezo inayopanda na kushuka vilima vya reli, ile aina ya kawaida inayopandishwa kwa mnyororo. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kila chuma cha mapajani kimefunga, kusubiri ishara ya mwenzako wa upande wa pili wa jukwaa, kubonyeza, kisha kukodolea macho skrini. Mnyororo unaivuta treni hadi kileleni na kuiachia. Kuanzia hapo treni haina injini wala dereva, inatumia kimo ilichopewa hadi kiishe. Ukiipandisha mita 40 na kuiachia, hesabu ya shuleni inakuambia itafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, na hesabu hiyo haijali kama ni adhuhuri au usiku wa manane.

Ila hesabu hiyo inafanya kana kwamba hewa haipo na msuguano haupo. Treni ikishauacha mnyororo, kazi yake yote ni kupoteza nishati: kidogo kwenye magurudumu, kidogo kwenye beringi, kidogo kwa kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu usiku na mchana, hata kama hajui, anauliza ni saa ngapi treni inapoteza kidogo zaidi.

Hilo nilikuwa naliona kila siku ya kazi. Njia ya rolakosta imegawanywa vipande, na kila kipande kina vihisi vinavyoiambia kompyuta kwamba treni imepita hapa na sasa imefika pale. Kazi yao kubwa ni usalama, treni mbili zisikutane kwenye kipande kimoja. Lakini vihisi hivyohivyo vinaacha nyayo za muda. Ukizoea kuzisoma, unajua treni imeamkaje leo kabla hata hujainua macho kuitazama.

Asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, tulikuwa tunazungusha treni tupu za majaribio. Mzunguko wa kwanza ulikuwa unachosha kuutazama. Mteremko mkubwa wa mwanzo treni iliushuka vizuri, lakini kadiri ilivyosogea mbele ndivyo ilivyozidi kulegea, na kile kilima kidogo cha mwisho kabla ya breki ilikipanda kwa kujikokota, mpaka mgeni wa kazi akashika kichwa akidhani itarudi nyuma. Fundi mkuu wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alikuwa akimtuliza kwa sentensi ileile: "Iache ipashe misuli." Baada ya mizunguko kadhaa muda kwenye skrini ulianza kupungua. Kufikia mchana treni iliyojaa watu ilikuwa inarudi mapema kuliko ile ya alfajiri kwa sekunde moja, pengine mbili. Unaweza kusema sekunde mbili ni nini. Kwenye safari isiyofika dakika mbili, na ambayo mwanzo wake haubadiliki, ni nyingi.

Sababu alinionyesha mzee huyohuyo jioni moja baada ya kufunga, treni ikiwa imezimwa na kufungwa karakanani. "Weka mgongo wa mkono hapa, mwanangu." Nikaugusa mpira wa gurudumu la juu, lile linalobeba uzito. Ulikuwa wa moto kiasi kwamba sikuweza kuuacha mkono hapo kwa muda. Asubuhi yake nilikuwa nimeligusa gurudumu hilohilo wakati wa ukaguzi na lilikuwa baridi na gumu.

Magurudumu ya rolakosta nyingi za chuma huvikwa poliurethani, plastiki yenye mnyumbuko. Kila linapobeba uzito linabonyea kidogo pale linapogusa reli, kisha linarudi umbo lake. Katika kubonyea na kurudi huko, sehemu ya nishati inageuka joto na haimrudii abiria. Likiwa baridi, ulafi huo unazidi. Likishapata moto, linabonyea kwenye reli na kurudi bila kula sana. Ndani ya gurudumu kuna beringi zenye grisi. Grisi baridi ni nzito, inaushika mzunguko, na ikipata joto inalainika na kuuachia. Kwenye rolakosta kubwa kila behewa lina magurudumu ya juu, ya ubavuni na ya chini ya reli (haya ya chini, yanayozuia treni isinyanyuke, yalipewa hataza mwaka 1919 kwa jina la Mmarekani John Miller), na kila moja lina sehemu yake katika wizi huu mdogomdogo. Jumla yake ndiyo iliyokuwa inaifanya treni ya asubuhi ijikokote.

Hapo watu wengi wangeridhika: basi usiku ni haraka zaidi kwa sababu treni imekuwa ikikimbia tangu asubuhi. Ni karibu na ukweli, lakini si penyewe. Kilichoniondolea shaka ni jioni moja ya watu wengi. Tulikuwa tumefanya kazi na treni moja kutwa nzima, giza likaingia, foleni ikazidi kurefuka, msimamizi akaagiza treni ya pili itolewe karakanani. Ikajaribiwa tupu kama sheria inavyotaka, ikapakia. Sasa nikawa na treni mbili kwenye reli moja, ndani ya giza moja, kwenye hewa moja, abiria wamejaa zote. Ile iliyokuwa kazini tangu asubuhi ikawa inarudi mapema. Ile ngeni ikawa inachelewa, na waliobahatika kuipanda wakasota kwenye vilima vya mwisho kama watu wa saa tatu asubuhi. Kadiri usiku ulivyosonga pengo likapungua, na kuelekea kufunga sikuweza tena kuzitofautisha kwenye skrini. Giza lilikuwa limezipata zote mbili sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye magurudumu.

Tangu hapo mtu akiniuliza kuhusu usiku, namuuliza treni imefanya kazi kwa muda gani.

Kuna jambo jingine ambalo karibu kila mtu hulikosa, nalo ndilo ninalolipenda zaidi katika mada hii. Watu wakisikia "inakimbia zaidi" wanafikiria kilomita kwa saa pale chini ya mteremko mkuu, namba ile inayoandikwa kwenye mabango. Namba hiyo haibadiliki kwa kiasi cha kumshtua mtu. Treni ikiwa ndiyo kwanza imeachiwa haijapata nafasi ya kupoteza chochote cha maana, iwe ya moto au ya baridi. Tofauti inaonekana mwishoni mwa njia, na hasa juu ya vilima.

Tuseme kuna kilima ambacho treni hupita kileleni kwake ikienda kilomita 18 kwa saa. Sasa iache treni hiyo ifike na akiba kidogo, nishati sawa na ya kuanguka mita 1 tu, ambayo grisi ya moto haikuila. Kilele kilekile itakipita kwa kilomita 24 kwa saa. Akiba hiyohiyo ipeleke bondeni, mahali treni inapokimbia kilomita 100 kwa saa: itaongeza kilomita moja na kidogo. Nishati hufuata mraba wa mwendo, ndiyo maana akiba isiyoonekana kabisa bondeni inageuka jambo kubwa kileleni. Na kileleni ndipo abiria anaponyanyuliwa kitini. Kwa hiyo mtu anayeniambia "usiku nilirushwa juu kabisa pale kilima cha mwisho, mchana sikusikia kitu" namwamini moja kwa moja. Anayeniambia mteremko wa kwanza ulikuwa wa kasi maradufu, huyo namsikiliza kwa adabu tu.

Usiku wenyewe, ukiuchukua peke yake, ni mzigo. Hewa ikipoa inakuwa nzito. Kila ikishuka nyuzi 10 za Selsiasi, msongamano wake unapanda kwa asilimia 3 na nusu hivi, na treni inalazimika kuisukuma hewa hiyo nzito njia nzima. Si kingi, na magurudumu yenye moto wa kutwa nzima yanaufidia mzigo huo na kubakiza. Lakini usiku wa baridi kali, katika msimu wa baridi, sidhani kama kuna mtu angeniuliza lile swali. Kuna viwango vya joto ambavyo rolakosta nyingi haziruhusiwi kufanya kazi chini yake, na si kwa kuwahurumia abiria wasipigwe na baridi. Treni ikipoteza nishati kupita kiasi haifiki kileleni. Inarudi nyuma, inabembea huku na huku, kisha inatulia bondeni. Mafundi wanaiogopa hali hiyo kwa sababu bondeni hakuna mnyororo. Abiria wateremshwe kwa ngazi mmojammoja, halafu treni ivutwe kwa winchi, na siku ya kazi imeishia hapo.

Upepo nao una usemi. Sehemu nyingi upepo hupungua jua likishazama, na kilima kirefu kilicho wazi kinapopata hewa tulivu treni hupumua. Uzito wa abiria una usemi mkubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mvutano wa dunia, treni nzito na nyepesi huanguka sawa, lakini hewa haiongezi ukinzani wake kwa sababu umepakia watu wengi, kwa hiyo treni iliyojaa hupoteza sehemu ndogo zaidi ya nishati yake. Hapa usiku mara nyingine unajikata mwenyewe: saa za mwisho watu wameshaanza kurudi makwao, treni inaondoka nusu tupu, na magurudumu ya moto yanabeba mzigo mwepesi. Usiku wa namna hiyo nimeona muda ukirudi kuwa wa kawaida kabisa wakati abiria wachache waliomo wanashuka wakiapa haijawahi kukimbia hivyo.

Reli mbichi ni habari nyingine. Umande au manyunyu yakishapita, utando wa maji juu ya chuma unapunguza msuguano, na treni inateleza kwa namna unayoiona hata bila skrini. Waliozoea kupanda wanajua, ndiyo maana manyunyu yakikatika unawaona wanarudi mbio foleni wakiwa wameloa chapachapa. Sisi hatukuwa na furaha hiyo. Kwenye rolakosta zenye breki za kubana kwa msuguano, maji yanazilegeza breki zilezile unazozitegemea kusimamisha treni, kwa hiyo mvua ya kweli ikianza, mara nyingi mchezo unasimama. Breki za sumaku hazina shida hiyo kwa sababu hazigusi chochote: bamba la metali kama shaba linapita katikati ya sumaku na umeme unaozaliwa humo unalipinga.

Na breki hizo za sumaku, kwa wapenda spidi, ni wabaya wao. Rolakosta nyingi zina breki ndogo katikati ya njia, si za kusimamisha bali za kupunguza. Wabunifu wanajua treni itakuja ya moto jioni, kwa hiyo wanaweka mahali pa kuipunguza ili isiwabane abiria kuliko ilivyokusudiwa na isizile reli na magurudumu. Kwenye rolakosta yetu kulikuwa na breki moja ya aina hiyo. Kabla yake, treni ya usiku ilikuwa mbele ya treni ya asubuhi. Baada yake, pengo lilikuwa limeliwa karibu lote, kisha likaanza kujijenga upya kuelekea mwisho. Ukipanda rolakosta yenye breki nyingi za katikati, saa yoyote utakayochagua utapewa safari ileile, au inayokaribiana nayo sana.

Sasa tuje kwenye giza, maana hapo ndipo wale wanaonikonyeza wana haki yao.

Baada ya kufunga, mara mojamoja tuliruhusiwa sisi wafanyakazi kupanda. Usiku mmoja tulipanda taa zote zikiwa zimezimwa isipokuwa za jukwaani. Tukarudi, na kabla hatujatulia mafundi wakawasha taa kubwa za ukaguzi, zile zinazomulika kila nguzo na kila boliti, tukazungushwa tena. Watu walewale, viti vilevile, dakika chache tu zimepita. Tuliposhuka kila mtu alisema ule wa giza ulikuwa mkali zaidi, mmoja wetu akasema "kwa mbali sana". Nilikwenda kutazama skrini. Mizunguko miwili ilikuwa imelingana, na kama kulikuwa na kinyweleo cha tofauti basi kiliupendelea ule wa mwangani.

Nimelifikiria hilo sana. Masikio yetu ya ndani hayapimi mwendo, yanapima mabadiliko ya mwendo: kusukumwa, kupindwa, kuangushwa. Mwendo wenyewe tunaupata kwa macho, kwa vitu vinavyotupita. Mchana jicho linaiona kona kabla haijafika, shingo inajikaza, mkono unashika chuma, mwili unaegemea upande unaotakiwa bila kuulizwa. Gizani huduma hiyo haipo. Kona inakupata ukiwa umelegea, na shingo inalipa. Kisha kuna nguzo. Mchana unaiona nguzo kutoka mbali ikija taratibu, na mbali hakuna kinachoonekana kwenda mbio. Usiku nguzo haipo, haipo, halafu iko puani. Vitu pekee unavyoviona ni vile vilivyo karibu kabisa, na vya karibu ndivyo vinavyopita kwa kasi kubwa zaidi machoni.

Wabunifu wanalijua hili vizuri. Space Mountain ya Walt Disney World huko Florida, iliyofunguliwa mwaka 1975, iko ndani ya jengo lenye giza, na mwendo wake wa juu ni takriban kilomita 45 kwa saa. Gari mjini linakwenda hivyo na hakuna anayepiga kelele. Huko Ohio kuna The Beast ya bustani ya Kings Island, rolakosta ya mbao ya mwaka 1979 yenye urefu wa zaidi ya mita 2,200, inayopita katikati ya miti. Mwendo wake wa juu ni kama kilomita 104 kwa saa, na zipo rolakosta nyingi zinazoipita mbali kwa hilo, lakini wapenzi wa michezo hii hufunga safari ili waipande usiku tu, kwa sababu msituni hakuna taa. Hata zamani haikuwa habari ya namba: reli ya burudani ya Mmarekani LaMarcus Thompson pale Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikwenda karibu kilomita 10 kwa saa, na watu walipanga foleni.

Zile zinazofyatuliwa kwa mota au kwa haidroliki badala ya mnyororo sikuwahi kuziendesha, kwa hiyo nitazigusa tu. Kwao kimo hakigawi nishati, mtambo ndio unaogawa, na mtambo unaweza kukosea kidogo. Kingda Ka ya New Jersey, iliyofanya kazi kuanzia 2005 hadi 2024, ilifyatua treni kwa kilomita 206 kwa saa ili iuvuke mnara wa mita 139, na zipo nyakati treni haikuuvuka ikarudi nyuma. Wabunifu walikuwa wamelitarajia hilo, wakaweka breki zinazochomoza kwenye njia ya kufyatulia kuipokea. Ukiona kimo hicho, unaelewa kwa nini upepo wa mbele na baridi kidogo ni mambo ya kujadiliwa kwenye chumba cha mitambo.

Wakinibana niwape saa, nilikuwa nawaambia hivi. Njoo siku ya joto. Acha asubuhi waipate wanaotaka foleni fupi. Panda jua likiwa linaelekea kuzama au limezama punde, watu wakiwa bado wengi ili treni iwe imejaa, na kama treni ziko mbili, muulize mhudumu ni ipi iliyotangulia kutoka leo. Ukitaka kuona, kaa mbele. Ukitaka kurushwa, nenda behewa la nyuma kabisa: likifika kileleni, mabehewa ya mbele yameshaanza kushuka na yanalivuta, kwa hiyo mteremko unauanza ukikimbia kuliko aliyekaa mbele, iwe mchana au usiku.